Akili za Watu: Moja au Nyingi?

Mwaka 1910 Lucien Lévy-Bruhl, mwalimu wa filosofia huko Paris, alitoa kitabu juu ya akili za watu wa mataifa aliyoyaita ya chini. Alisema ya kwamba watu hao hawasumbuki neno likijipinga lenyewe. Mfano wake mmoja ni Wabororo wa Brazili, walioandikwa kwamba wao ni watu, tena ni kasuku wekundu. Akili kama hizo alizipa jina lenye maana hii: akili zilizo kabla ya logika, yaani kabla ya sheria za kufikiri sawa. Na sisi watu wa Afrika tulitiwa katika kundi hilo.

Tunataka kulipima neno hili bila hasira, kwani likiwa kweli, mengi yanaanguka. Kama kila taifa lina logika yake, watu wa mataifa mawili hawawezi kubishana hadi wafike kwenye ukweli. Na imani moja haiwezi kufundishwa kwa wote.

Sheria ya kwanza ya kufikiri ilielezwa na Aristoteles zamani sana, na Mtakatifu Toma wa Akwino akaishika: haiwezekani kitu kiwe na kisiwe, kwa wakati mmoja na kwa namna ile ile. Tuangalie sana maneno hayo ya mwisho. Mgeni akiingia kanisani atatusikia tukisema Mungu ni mmoja, tena tukitaja Nafsi tatu. Akitoka upesi, ataandika kwamba Wakristu hawajui kuhesabu. Kumbe hatusemi mmoja na tatu kwa namna ile ile: ni mmoja kwa umungu, ni tatu kwa Nafsi. Lévy-Bruhl hakukaa na watu aliowaandika; alisoma habari za wasafiri na, tukubali, za wamisionari pia. Aliyesikia nusu ya neno alimpa nusu.

Mwingereza Evans-Pritchard alifanya vingine. Kati ya miaka 1926 na 1930 alikwenda mara kadhaa kukaa na Wazande upande wa Sudani, ambao ndugu zao wako kwetu Kongo, katika nchi ya Uele. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 anaeleza jinsi wanavyouliza benge, sumu wanayowapa kuku. Kuku wa kwanza huulizwa: «Kama ni kweli, ufe.» Wa pili hugeuziwa neno: «Kama ni kweli, upone.» Mmoja akifa na mwingine akipona, jibu limepatikana. Lakini wakifa wote wawili, au wakipona wote wawili, jibu halifai kitu. Kwa nini halifai? Kwa sababu benge imesema ndiyo na siyo juu ya jambo moja! Sisi hatuamini kwamba sumu inajua siri za watu. Lakini mwenye kuitupa hukumu ya namna hiyo anaishika sheria ya Aristoteles, hata kama hakulisikia jina lake.

Wako wanaotujibu kwa habari nyingine ya Wazande. Husema uchawi ni kitu kilicho tumboni, nacho mwana hukirithi kwa baba, na binti kwa mama. Basi mwanamume mmoja akionekana mchawi, wanaume wote wa ukoo wake ni wachawi. Lakini Wazande hawakubali. Mwaka 1976 David Bloor aliona hapo logika ya namna nyingine. Sisi hatuoni hivyo. Evans-Pritchard mwenyewe anaandika kwamba ukoo ukibanwa husema mtu huyo si wa damu yao, ni mwana wa nje. Tena husemwa kwamba uchawi wa mtu waweza kukaa baridi, usidhuru. Anayetafuta mlango wa kutokea ameuona ukuta.

Ni kweli, hata wataalamu wa Ulaya wanabishana juu ya sheria hizi. Tangu mwaka 1908 Brouwer, Mholanzi, alikataa kwamba katika hesabu za vitu visivyo na mwisho kila neno lazima liwe ama kweli ama si kweli. Lakini Brouwer alileta sababu, na wenzake wakazipima. Wangezipimaje kama hawakuwa na kipimo cha pamoja?

Jambo hili si mchezo wa wenye vyuo. Hata leo wako wazee na watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa neno la uchawi. Mwenye kusema «hiyo ndiyo logika yao, tuwaache» anadhani anatuheshimu, kumbe anamnyima mshtakiwa silaha yake ya mwisho, yaani kuuliza: «Ushahidi wako uko wapi?» Kosa la mshtaki si kwamba hajui kufikiri. Anafikiri sawa kutoka mwanzo mbaya. Na mwanzo mbaya waweza kuonyeshwa, kwa sababu akili yake na yetu zinakutana.

Lévy-Bruhl alikufa mwaka 1939. Daftari zake zilizochapwa mwaka 1949 zaonyesha kwamba, karibu na kufa, aliliacha lile neno la «kabla ya logika». Tunamsifu kwa hilo. Wanaolirudia neno lake wangefanya vema kusoma na daftari hizo.