Je, Huruma Ndiyo Iliyoiangusha Dola ya Maurya?

Wako wanachuoni, miongoni mwao H. C. Raychaudhuri, waliodai kwamba dola ya Maurya, iliyoasisiwa na Chandragupta yapata mwaka 321 K.K., ilidhoofishwa na upole wa mjukuu wake Ashoka. Dai hili halipatani na maneno ya Ashoka mwenyewe yaliyochongwa mawe. Kweli, katika tangazo la 13 la majabalini ajutia vita vya Kalinga, ambamo watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa. Lakini papo hapo awaonya watu wa misituni kwamba nguvu za kuadhibu angali nazo. Tangazo la nne la nguzoni lawapa waliohukumiwa kufa muhula wa siku 3. Hukumu yenyewe haliiondoi. Tena majuto hayo hayakuchongwa Dhauli wala Jaugada, katika nchi ya Kalinga yenyewe. Je, huyu ndiye mfalme aliyeutupa upanga? Romila Thapar, katika kitabu chake cha 1961, atoa hoja iliyo nzito zaidi: utawala ulimtegemea mno mfalme mmoja, na watumishi walimtii yeye aliyewateua, si dola. Ashoka alipofariki yapata 232 K.K., mhimili ulivunjika. Na yapata 185 K.K. Brihadratha, wa mwisho wao, aliuawa na jemadari wake Pushyamitra. Basi tusiisingizie huruma kosa lisilo lake.