Kurasa Zilizobaki Ukutani

Chumba nilichokulia Kawangware kilikuwa na kuta za udongo, na mama yangu, ambaye hakupata kukaa darasani zaidi ya miaka miwili lakini alijaliwa jicho la kupambanua kizuri na hafifu, alizivika kuta zile kwa kurasa za magazeti na majarida aliyopewa na matajiri wa Lavington aliowafulia nguo. Alikoroga unga wa ngano katika maji ya moto hata ukawa gundi, akaupaka kwa kitambaa, akabandika ukurasa baada ya ukurasa, tangu sakafuni hadi pale mkono wake ulipokomea. Kurasa za magazeti ya kila siku ziligeuka manjano kabla ya mwaka kwisha, zikachanika pembeni, naye akazifunika kwa nyingine pasi na majonzi. Zilikuwapo hata hivyo tatu au nne, zilizotoka katika majarida, ambazo hakuzigusa kamwe. Kila alipobandika upya alizipitia kando, kama mtu apitavyo taratibu karibu na mgeni aliyelala. Kwa kuzitazama zile, nikiwa nimelala chali kitandani, nilijifunza kusoma, na mpaka leo nikiulizwa asili ya mapenzi yangu kwa jarida lililopangwa kwa ustadi, sina hoja inayoutangulia ukuta ule.

Ukurasa mmoja katika hizo, ambao nadhani ulitoka katika Drum, jarida lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye likawa na toleo la Afrika Mashariki lililotolewa hapa Nairobi, ulikuwa na picha ya mpiga tarumbeta aliyeelekea upande. Picha ilishika theluthi moja tu ya karatasi, nayo theluthi mbili zilizosalia zilikuwa nyeupe, ila mistari michache ya maneno iliyokaa chini kabisa, mahali ambapo sauti ya tarumbeta ingeangukia. Mtoto hajui jina la sanaa hiyo, lakini macho yake yanajua kwamba ameheshimiwa. Aliyeupanga ukurasa ule aliamini kwamba msomaji hatachoka upesi, kwamba anaweza kuachiwa nafasi ya kupumua, na kwamba maneno machache yaliyowekwa mahali pake yana uzito kuliko mengi yaliyosongamana mithili ya abiria wa alfajiri.

Imani hiyo ni ya kale kwetu. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika misahafu kwa mkono na kuitia nakshi za wino wa rangi pambizoni, ili jicho lipate pa kutulia kabla ya kurudi kwenye neno. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alipoanza kutoa gazeti la Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, hakuwa na utajiri wa matbaa kubwa, ila alikuwa mrithi wa watu waliokwisha kujua kwamba hati mbaya huidhalilisha hoja njema.

Lakini jarida ambalo kwangu ndilo kilele cha sanaa hii mjini Nairobi ni Joe. Lilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno, aliyesomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kushika uhariri mkuu wa Daily Nation, akishirikiana na Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kenya katika miaka ya 1960 na kuufahamu mji huu kwa kalamu kuliko wengi waliozaliwa humu. Joe mwenyewe alikuwa mtu wa kubuniwa, aliyetokea kwanza katika makala za Ng'weno za gazetini, mwananchi wa kawaida anayecheka ili asilie. Mwaka 1975 Ng'weno alianzisha The Weekly Review, na Hirst akaendelea kulilea Joe hadi lilipokoma mwaka 1979.

Nakala yangu ya kwanza niliipata miaka mingi baada ya kukoma kwake, kando ya Barabara ya Tom Mboya, kwa mmoja wa wale wauzaji wanaotandaza vitabu vikuukuu chini juu ya gunia, ambao watu wa mjini huliita duka lao "inama", kwa kuwa hakuna anunuaye bila kuinama. Pini zake zilikwisha kupata kutu, nayo kutu ilitia doa la kahawia katikati ya kila karatasi. Jalada lilikuwa la rangi, limejaa watu wa Nairobi. Kurasa za ndani zilikuwa za wino mweusi juu ya karatasi ya bei ndogo isiyong'aa hata kidogo. Nami nilisimama pale njiani nikisukumwa na wapita njia, nikastaajabu jinsi ambavyo mtu aliyepewa karatasi dhaifu na wino mmoja aliweza kuyafanya hayo yote. Hirst alijua mstari mnene uanzie wapi na mwembamba uishie wapi. Alijua kuacha kona moja ya mchoro tupu ili uso wa mlevi mmoja uonekane. Vibonzo vyake vya Daddy Wasiwasi vilipakana na City Life ya Edward Gitau, yule aliyemchora Juha Kalulu katika Taifa Leo, na mikono miwili isiyofanana ilikaa pamoja bila kugombana kwa sababu aliyepanga kurasa alizipa pambizo zinazolingana. Nimeona tangu siku ile majarida mengi yenye karatasi nzito na mng'aro wa kioo ambayo hayakunipa hata robo ya furaha hiyo, na hukumu yangu ni kwamba mng'aro hununuliwa, mpangilio hujifunzwa.

Anayetaka kuujua ugumu wa kazi hii na aingie katika vyumba vya wapiga chapa walioko River Road na Barabara ya Kirinyaga, ambako harufu ya wino hukulaki ngazini. Picha ya rangi huchapwa mara nne, kwa mabamba manne, moja la samawati, moja la waridi iliyokolea, moja la manjano na moja la nyeusi, na kila bamba huacha nukta ndogo ambazo jicho huziunganisha lenyewe. Bamba moja likisogea kwa unene wa unywele, mdomo wa bibi harusi huhamia shavuni. Nilimtazama fundi mmoja akiinamia alama za msalaba zilizochapwa ukingoni mwa karatasi, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni, akizungusha parafujo kwa ncha ya kidole, akichapa karatasi, akiitupa, akichapa nyingine, hata ile misalaba minne ikalala mmoja juu ya mwingine ikawa msalaba mmoja. Hakusema neno. Aliipiga karatasi ile kofi dogo la upendo, kisha akaiachia mashine iende.

Na jarida linalofungwa kwa pini katikati lina sheria zake, ambazo mimi huzifananisha na mizani ya shairi. Karatasi moja iliyokunjwa ina kurasa nne; kwa hiyo jumla ya kurasa haina budi kugawanyika kwa nne, na mhariri mwenye kurasa 33 za maneno hana hila ila kupunguza hadi 32 au kutafuta za kutosha kufika 36, kama mshairi mwenye silabi 17 katika mshororo wa 16. Fauka ya hayo, karatasi zikipachikwa moja ndani ya nyingine, zile za katikati husukumwa nje kidogo, na kisu cha mwisho kinaposawazisha ukingo huzipunguza upana. Msanifu hodari hulihesabu jambo hilo mapema, akasogeza maneno ya kurasa za kati kuelekea mkunjo, na msomaji asijue kamwe kwamba amefanyiwa hisani. Na ni katikati hasa, mahali pamoja tu katika jarida lote, ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika. Pale ndipo mwenye busara huweka picha yake kubwa.

Mwaka 2003, baada ya mazungumzo yaliyofanyika katika bustani moja huko Loresho, mwandishi Binyavanga Wainaina na wenzake walitoa jarida la Kwani?, nene kama kitabu, lenye hadithi, picha, vibonzo na Kiswahili cha mitaani chini ya jalada moja, na jina lenye alama ya kuuliza. Kwa ujasiri nalipa nafasi ya mbele. Kwa usanifu bado moyo wangu uko kwa Joe. Leo ukiingia katika maduka ya vitabu ya Westlands utayaona majarida ya ng'ambo yamepangwa rafuni kwa bei ambayo mama yangu angeitumia kulisha nyumba kwa juma zima, na vijana huyafungua, huyanusa, na kuyarudisha mahali pake kwa staha. Sioni upuuzi katika kunusa huko. Ni dalili kwamba mikono ina kiu.

Katika miaka ya 1990 nilinunua njugu karibu na Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, nikapewa zikiwa ndani ya karatasi iliyosokotwa, nami nilipoikunjua baada ya kuzila nikamkuta Daddy Wasiwasi, nusu yake, chumvi imemshika usoni. Ninayo karatasi hiyo hadi leo. Ewe msomaji, ikiwa chini ya kitanda cha baba yako, au katika sanduku la shangazi yako huko Dagoretti au Kangemi, yamo majarida ya zama zile, usiyauze kwa kilo. Yafungue kwanza, uyapanguse vumbi, uyatazame pambizo. Kisha, kama nyumba haina nafasi, yachukue hadi Maktaba ya McMillan, Banda Street, uwaombe wayapokee.