Baada ya Sindano, Nini? Kupanga Tiba ya Kikundi kwa Wagonjwa wa Saikosisi Wodini

Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya wilaya, iwe Tarime mjini au Mugumu kule Serengeti, akiwa katika saikosisi kali, haji peke yake. Huletwa na kaka zake wawili watatu waliomshika mikono, na nyuma yao mama aliyebeba kanga na chupa ya chai. Siku za kwanza ni za haloperidol au chlorpromazine, usingizi, maji na uji. Kisha anaanza kuitika akiitwa jina, ingawa bado anasikia sauti na bado anaamini kuwa jirani amemroga. Hapo ndipo linapokuja swali ninalotaka tulichambue: baada ya sindano, nini? Katika wodi nyingi mgonjwa hulala, huamka, humeza dawa, kisha huruhusiwa, bila kuwahi kuzungumza na wa kitanda cha pili ambaye anasumbuliwa na sauti kama zake.

Kuwakutanisha si wazo geni. Mwaka 1905 Joseph Pratt, daktari wa Boston, aliwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu darasani, wakawa wanapeana moyo. Mwaka 1921 Edward Lazell aliandika jinsi alivyowakusanya wagonjwa wa skizofrenia katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, na kuwapa mihadhara kuhusu ugonjwa wao. Makosa yalikuja baadaye, pale vikundi vya wodini vilipopangwa kwa kuiga vikundi vya watu wenye huzuni na wasiwasi, yaani kukaa kimya, kungoja mtu afunguke, kufukua ya utotoni, kuchokoza hasira iliyofichika. Mwaka 1980 Nick Kanas na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha vikundi vya wodini huko Marekani. Wagonjwa wa saikosisi waliowekwa kwenye vikundi vya kufukua mambo walielekea kuzidiwa.

Sababu yake inaeleweka. Mtu ambaye hawezi kutofautisha wazo lake na sauti inayotoka nje, ukimya haumpi nafasi ya kutafakari. Anaujaza kwa hofu. Daktari anayemkodolea macho bila kusema neno anageuka kuwa mmoja wa wanaomfuatilia. Na mtu aliyejaa hofu ukimfukulia machungu ya zamani, unamwongezea mzigo siku ambayo hata wa leo hajui aushike wapi.

Aliyelishughulikia tatizo hili kwa undani ni Irvin Yalom wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu vikundi vya wodini. Uamuzi wake wa kwanza ndio ninaouona mzito kuliko yote: kila kikao kihesabiwe kuwa ndiyo tiba nzima. Wodini watu huingia na kutoka, na aliyekuwepo Jumatatu huenda Jumatano yuko nyumbani. Kwa hiyo kisifunguliwe kidonda ambacho hakitafungwa kabla ya watu kuinuka. Uamuzi wa pili ni kutowachanganya walio hoi na waliokwisha kutulia. Walio hoi wapewe kikundi chao kidogo, watu wanne hadi saba, kwa dakika zisizozidi 45, chini ya mwezeshaji anayesema, anayeongoza na anayesifu.

Tukitazame kikao chenyewe. Dakika chache za mwanzo mwezeshaji anataja mahali, siku, saa, jina lake, na kazi iliyowaleta: “Tuko hapa kujizoeza kuzungumza na wenzetu. Tutamaliza saa nne na nusu.” Hata wa jana anaambiwa upya. Kisha kunakuwa na zoezi jepesi la kuamsha mwili, kwa mfano kurushiana mpira huku ukitaja jina la unayemrushia. Zoezi kuu linachukua kama dakika 20. Kila mmoja anapewa sentensi aimalizie, na sentensi zenyewe zinapanda taratibu: “Chakula ninachokipenda ni…”, halafu “Mtu ninayemkumbuka nyumbani ni…”, halafu “Sauti zikizidi, mimi huwa…”. Ni wazi hii ya tatu ndiyo tiba. Mmoja anasema huwa anaimba, mwingine huenda kukaa karibu na watu, wa tatu hajawahi kujua kuwa kuna la kufanya. Mwezeshaji habishani iwapo sauti zipo au hazipo. Anauliza nini kinazipunguza makali, wagonjwa wanafundishana, na hapo ndipo mtu aliyeitwa kichaa njia nzima anakuwa na kitu cha kumpa mwenzake. Dakika za mwisho wanapitia pamoja nani alisema nini, nani alimsaidia nani, halafu wanaagana.

Hata dawa zina neno katika mpangilio huo. Haloperidol huweza kumfanya mtu ashindwe kutulia miguu, kila akikaa anainuka. Mwezeshaji asiyejua hilo atamwona mkorofi. Anayejua ataweka kanuni kwamba kusimama na kuzunguka ni ruksa, kisha atamweleza daktari, kwa kuwa huenda dozi inahitaji kupunguzwa.

Sasa tuulete mpango huu mkoani Mara, ziliko Tarime na Serengeti. Wakurya wa huko wanalijua vizuri duara la watu walioketi. Iritongo, baraza lao la kijiji, kwa miaka mingi limekuwa mahali ambapo watuhumiwa wa wizi wa ng’ombe hutajwa na kuhojiwa mbele ya umma. Mfikirie kijana aliyeletwa hospitali kwa sababu alimpiga baba yake au alichoma nyumba. Anaingia chumbani, anakuta watu wameketi duara, wakubwa wenye makoti meupe wako mbele, na anaambiwa aseme. Kwake hiyo ni kesi. Kwa maoni yangu mpangaji akiliruka jambo hili, mengine yote yataharibika. Wahudumu wakae katikati ya wagonjwa bila makoti. Asisimamishwe mtu. Asiulizwe mtu alifanya nini kabla ya kuletwa; hilo lina mahali pake, kwa daktari, faragha.

Bangi inalifanya suala hili kuwa kali zaidi. Inalimwa Tarime, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba yake katika bonde la Mto Mara. Kijana aliyevuta bangi mpaka akaanza kusikia sauti anajua kuwa kukiri hadharani kunaweza kumgusa hata mjomba wake mwenye shamba. Kikundi kisiulize ilitoka wapi wala nani aliuza. Kiulize usingizi unakuwaje ukivuta, na sauti zinakuwaje siku inayofuata. Majibu hayo ndiyo yatakayomsaidia.

Kuna na la rika. Kijana wa Kikurya hawi huru kusema mbele ya mtu wa kizazi cha baba yake, na mwanamke ana mengi ambayo hatayagusa mbele ya wanaume. Kaskazini mwa Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walitenga vikundi vya wanawake na vya wanaume walipowatibu wenye VVU waliokuwa na sonona, na vikundi hivyo viliongozwa na wahudumu wa kawaida waliofunzwa. Tuchukue utengano huo. Mtaala wao tusiuhamishe mzimamzima, kwa sababu ulitungwa kwa ajili ya sonona.

Na wale kaka na mama waliobaki nje? Wodini wasiingie kwenye duara. Mgonjwa anahitaji dakika zake 40 bila macho ya nyumbani. Zamu yao inakuja baadaye, na hapa Tanzania mfano upo. Watafiti wa Muhimbili akiwemo Sylvia Kaaya, pamoja na Joy Noel Baumgartner, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Duke, walifanya jaribio la KUPAA katika Dar es Salaam na Mbeya, wakiwashirikisha wagonjwa 66 wa saikosisi, kila mmoja na ndugu yake. Jaribio hilo lilifuata mtindo wa vikundi vya familia kadhaa, uliokuzwa Marekani na William McFarlane, unaofanya kazi hivi: familia moja inataja tatizo moja, labda mgonjwa amegoma dawa, familia nyingine zinatoa njia walizotumia, na wenye tatizo wanachagua moja ya kwenda kujaribu.

Kwa mtu wa kijijini Serengeti, nauli ya safari nyingine ya kuja kukaa kwenye kikundi haipo. Lakini wengi watakuja siku ya sindano ya Modecate, dawa ya saikosisi inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi watasindikizwa na ndugu. Kikundi cha familia kiwekwe siku hiyohiyo, wakati foleni inasubiri.

Hakuna kifaa cha kuagizwa ng’ambo katika haya yote. Yanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, saa ya ukutani, viti kumi, muuguzi mmoja na afisa ustawi wa jamii mmoja waliofunzwa na wasiobadilishwa kila wiki, na ratiba ambayo haivunjwi kwa sababu kuna kikao cha wakubwa. Waganga wafawidhi na makatibu wa afya wa Tarime na Serengeti, mnapoandaa bajeti ijayo, wekeni chumba hicho na watu hao wawili.