Ufundi wa Kubebesha Maembe Ukambani

Watu wengi hudhani ufundi wa kubebesha mwembe, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja na mche wa mwingine, uko kwenye kisu. Nimewatazama mafundi wa Makueni na Kitui wakifanya kazi hiyo, na ninaloamini ni kwamba uko kabla ya kisu: kujua kijiti kipi kiko tayari kukatwa, na mche upi umekomaa kukipokea.

Chukua embe la Apple, ambalo asili yake ni pwani, karibu na Malindi. Kokwa lake ukilipanda utapata mwembe, ila huna hakika utazaa Apple. Unaweza kukupa embe dogo, chachu, lililojaa nyuzi. Kwa hiyo anayeitaka Apple yenyewe huenda kwenye mti uliokwisha kuonekana ukizaa vizuri, akaomba vijiti.

Chini ya kijiti hicho hutumiwa mche wa embe la kienyeji, lile la nyuzi, kwa kuwa mizizi yake inastahimili ukame. Kokwa hupasuliwa, mbegu ikatolewa na kupandwa upesi kabla haijakauka; mbegu ya embe haiwekeki ghalani. Miezi hupita mpaka shina linenepe kiasi cha penseli.

Wakati huo fundi ameshaanza kuzunguka mwembe wake. Anatafuta ncha ya tawi iliyokomaa, yenye jicho lililofumba. Akiipata, hukata majani yake yote, akiacha vikonyo tu, kisha huiacha mtini. Hurudi baada ya kama siku 7 hadi 10. Vikonyo huwa vinadondoka vyenyewe ukivigusa, na jicho limetuna. Akiwahi sana, kijiti bado kimelala. Akichelewa, jicho limekwisha kufunguka na nguvu zake zimeishia kwenye majani mapya. Hakuna kalenda inayomwambia siku yenyewe. Hutazama jicho.

Baada ya hapo, kisu hakina mengi. Kichwa cha mche hukatwa, shina likapasuliwa katikati kwa sentimita 3 au 4. Kijiti huchongwa pande mbili kuwa kabari, kwa mkato mmoja kila upande, na palipochongwa hapaguswi kwa kidole. Kinapokuwa chembamba kuliko shina, fundi hakiweki katikati. Hukisogeza pembeni ili ngozi ya kijani iliyo chini ya gamba ikutane na mwenzake walau upande mmoja. Hapo ndipo viwili hivyo hushikana. Kisha hufunga kwa ukanda wa nailoni, akivuta kwa nguvu ili maji yasipenye. Mche huwekwa kivulini. Mambo yakienda vizuri, jicho huchanua baada ya wiki chache, na kila chipukizi linalotokea chini ya kiungo hung'olewa, maana hilo ni la mwembe wa kienyeji na litakishinda kijiti nguvu.

Shambani, mche huteremshwa mvua za vuli zinapoanza, kwa kuwa Ukambani hizo ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Wenye matuta ya fanya juu, yale ya udongo uliotupwa upande wa juu wa mtaro, hupanda karibu na mtaro huo, yanapokusanyika maji. Maua ya mwanzo huondolewa ili mti ujenge shina kwanza. Ni vigumu kuyang'oa, lakini wanaofanya hivyo hawajuti. Adui yuko pia: nzi wa matunda aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, anayemfanya mkulima aokote na kufukia kila embe lililoanguka.

Kiwanda cha matunda cha Kalamba, huko Makueni, kilipofunguliwa mwaka 2017, sifa nyingi zilikwenda kwa mashine. Mimi nadhani mwenye kitalu, anayebebesha miche hiyo, naye alistahili kutajwa siku ile.

Ukienda kununua miche kabla ya mvua, usiridhike na jina lililoandikwa kwenye kibao. Kagua kiungo kama kimeziba pande zote, kisha umwulize fundi kijiti kilitoka mti gani. Anayeijua kazi yake atakupeleka ukauone.