Sauti Ambayo Kamera Haioni

Msee akikuambia Counter-Strike ni kulenga tu, mwonyeshe fainali mbili za FaZe Clan: Boston, Januari 2018, na Antwerp, Mei 2022. Mimi nazisoma kama sura mbili za hadithi moja. Mhusika mkuu ni Finn Andersen wa Denmark, anayejulikana kama karrigan.

Karrigan hakuwa mlengaji hatari wa timu. Kazi yake ilikuwa kuita mpango: nani aingie kwanza, nani angoje, doo itumike ama iwekwe ya raundi ijayo. Wenzake wanapiga risasi. Yeye ndiye msimulizi.

Boston, ramani ya tatu, Inferno. FaZe wanaongoza Cloud9 15-11. Raundi moja tu na kombe ni lao. Haikuja. Cloud9 wakasawazisha, muda wa ziada ukachezwa mara mbili, ikaisha 22-19. Hakuna timu ya Marekani iliyokuwa imeshinda Major kabla ya hapo, na ukumbi ulikuwa wa nyumbani. Presha tupu, noma sana.

Lakini hapo ndipo nina shida na jinsi gemu hii inavyoonyeshwa. Raundi ikiendelea, tunaona kupitia macho ya mwenye bunduki na kusikia watangazaji. Sauti ya kiongozi hatuisikii. Ubao unahesabu waliouawa. Hauna safu ya neno zuri lililosemwa kwa wakati wake. Kwa hivyo timu ikianguka tunajua nani alikosa shabaha, hatujui ni wazo gani lilikufa. Na lawama lazima ipate mwenyewe: Desemba mwaka huohuo, karrigan akawekwa benchi.

Alipita mousesports, akarudi FaZe 2021. Antwerp akakaa na Mnorwe, Mkanada, Mwestonia na Mlatvia, wote wakiongea Kiingereza, ambacho kati ya hao watano ni lugha ya mama ya mmoja tu. Sisi tuliosomea kwa lugha ya kukopa tunajua hiyo kazi: unafikiri haraka kuliko unavyoweza kusema. Ramani ya kwanza dhidi ya NAVI, mabingwa watetezi, ilikuwa Inferno ileile, na muda wa ziada ukaja tena. Safari hii FaZe walichukua, 19-16. Nuke wakamaliza 16-10. Karrigan, miaka 32, akalia.

Tuzo ya mchezaji bora ilienda kwa rain, ambaye pia alikuwa Boston. Aliistahili, sibishi. Ila bado hatujapata njia ya kumpa tuzo mtu kwa kufanya wenzake wanne waelewane.

Boston ni tamu zaidi kutazama. Antwerp ndiyo kubwa. Ukiitazama, achana na risasi kidogo; angalia zile sekunde kabla yake, watano wanaposogea pamoja bila wewe kusikia ni nani amewaambia.