Ng'ombe Waliowekwa Rehani

Kosa lilikuwa ukurasa wa 61. Ilikuwa rasimu ya saba, au ya nane, ya mkataba wa mkopo uliotakiwa kusainiwa asubuhi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuusoma kwa mara ya mwisho. Saa nane za usiku wakili wa upande wa pili, mama mmoja mtulivu aliyekuwa akisoma kwa rula, mstari kwa mstari, akainua macho akauliza, "Wakili msomi, huyu kwenye Kiambatisho cha 3 ni nani?" Nikatazama. Lilikuwa jina la kampuni nyingine kabisa, mteja wetu wa miezi minane nyuma, ambaye mkataba wake ndio niliokuwa nimeukopi na kuupesti ili nipate pa kuanzia. Majina yote nilikuwa nimeyabadilisha, moja likanikimbia. Hakuna aliyenigombeza pale mezani. Bosi wangu alinimiminia chai tu, na kimya kile kimenikaa mpaka leo.

Nilipoondoka kwenye kazi ya mikataba ya makampuni na kwenda kukaa na vijana wanaoandika programu, watu wengi walidhani nimeikimbia sheria. Mama yangu aliuliza kwa namna yake: "Joho lile tulilokuchangia, limeliwa na mende?" Kwenye harusi za ukoo siku hizi nikitambulishwa, inaanza vizuri, "huyu ni wakili wetu," halafu sauti inashuka, "ila sasa yuko kwenye kompyuta." Huwa sibishi. Lakini nikiulizwa kwa dhati, nasema niko kwenye kazi ileile. Nimesogea kiti kimoja tu.

Mtu wa nje huona suti na magari, akadhani wakili wa makampuni kazi yake ni kuongea. Muda mwingi yumo ndani ya karatasi. Anahakikisha neno lililofasiriwa ukurasa wa 4 halijageuka maana likifika ukurasa wa 50. Kwamba kifungu cha 14.2 kinachotajwa mahali fulani bado ndicho 14.2 baada ya mtu kuchomeka kifungu kipya katikati. Anahesabu siku. Kampuni ikiweka rehani mali yake, tulikuwa na siku 42 za kuandikisha rehani hiyo kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na ukipitwa, siku kampuni inapofilisika dhamana yako haifui dafu mbele ya mfilisi. Tarehe hizo tuliziandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Aliyetuokoa mara nyingi ni karani wetu, mzee aliyelijua kila dirisha la jengo la Ushirika pale Mtaa wa Lumumba, na aliyejua pia nani wa kusalimiwa kwanza. Mwaka 2018 BRELA ilipohamishia usajili mtandaoni, mzee alicheka, akasema sasa magoti yake yatapumzika.

Kazi yangu ya sasa ni kutengeneza violezo. Mtu anaulizwa maswali: nani anakopa, kiasi gani, anaweka nini rehani, atalipa lini. Akimaliza kujibu, mkataba uko tayari, na jina la mkopaji limeandikwa sehemu moja tu, likajipeleka lenyewe kila linapotakiwa. Ukurasa wa 61 hauwezi kunirudia tena. Ningeweza kuishia hapo na sababu ikatosha.

Wazo lenyewe si geni. Katika Imperial College, London, Marek Sergot, Robert Kowalski na wenzao waliichukua Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 wakaiandika upya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Prolog, na mwaka 1986 wakachapisha matokeo. Naipenda kazi ile hasa kwa pale ilipokwama. Sheria inasema mtoto mchanga akiokotwa ametelekezwa nchini humo, achukuliwe kuwa amezaliwa humo na mzazi anayestahili, mpaka ithibitike vinginevyo. Wakili husoma maneno hayo akapita. Mwandishi wa programu anasimama: ithibitike na nani? Na ikithibitika baada ya miaka kumi, yale yaliyokwisha kuamuliwa yanafutika? Mtoto yule aliyeokotwa aliwasumbua wataalamu wale kuliko hesabu ngumu.

Na wala si jambo la Wazungu peke yao. Ukifungua hukumu yoyote kwenye tovuti ya TanzLII, tazama anwani iliyoko juu ya ukurasa. Utakuta herufi tatu, akn, kisha tz. Herufi hizo ni za Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan, lugha ya Ghana, yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ni utaratibu wa kuandika sheria ili kompyuta ijue kipi ni kifungu, kipi ni tarehe, na sheria ipi inairejelea nyingine. Ulianzia kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 ukapitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango cha kimataifa. Mawakili wangapi hunakili anwani ile kila siku bila kujua kwamba wanaandika Kiakan!

Lakini nilikopendea kazi hii ni kwenye ngeli.

Tulikuwa tumezoea kuandika mikataba kwa Kiingereza, hata pale mkopaji ni mfugaji asiyekijua. Mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, wateja nao wakaanza kudai violezo vya Kiswahili. Tukadhani ni suala la kutafsiri. Tukachukua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, tukaweka sentensi yetu: "Nyumba iliyopo Mbezi, ambayo thamani yake imekadiriwa na mthamini, itauzwa endapo mkopaji atashindwa kulipa." Mahali pa "nyumba" tukaacha pengo lijazwe na mali yoyote.

Mteja wa kwanza akajaza "kiwanja". Mkataba ukatoka unasema kiwanja iliyopo. Wa pili akajaza "shamba", likawa shamba iliyopo, ambayo. Wa tatu alikuwa na ng'ombe 12 huko Handeni. Mkataba wake ulipotoka, kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliusoma kwa sauti mbele ya wote. Aliposema "ng'ombe 12 iliyopo Handeni, ambayo itauzwa," ofisi nzima ilicheka mpaka fundi wa feni akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kwa Kiingereza unabadilisha neno moja sentensi isijali. Kwa Kiswahili ukigusa jina, sentensi yote inageuka kumtazama mgeni. Kiwanja kilichopo, ambacho, kitauzwa. Magari mawili yaliyopo, ambayo, yatauzwa. Ng'ombe waliopo, ambao thamani yao, maana sasa hata "yake" imebadilika, watauzwa. Ilibidi tukae wiki tatu kutengeneza jedwali la majina yote ambayo Mtanzania anaweza kuyaweka rehani, kila moja na ngeli yake, umoja na wingi. Mashine za kusaga. Mizinga ya nyuki. Pikipiki. Kijana wa Tanga aliniuliza, "Shikamoo Wakili, samahani, mtumbwi tunauweka na mti au na kitu?" Nikamwitikia marahaba kwanza, halafu nikamwambia mtumbwi uko na mti, umewekwa rehani, mitumbwi imewekwa rehani. Sarufi niliyoichukia kidato cha pili ilinirudia ikiwa na mshahara.

Saa nazo zilitushinda kwa muda. Mteja aliandika malipo yafanyike kabla ya saa 4. Programu ikaelewa kwa hesabu yake, ikampelekea mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha majogoo wakiwa bado wamelala.

Kuna mahali vijana hawa wamenivua nguo. Siku moja wakakuta kwenye kiolezo changu maneno "ndani ya muda muafaka". Wakauliza ni siku ngapi. Nikasema inategemea. Inategemea nini? Nikataja aina ya bidhaa, hali ya barabara, mvua. Wakaandika yote. Nikataja kingine. Baada ya saa nzima nikakiri ukweli ambao hakuna wakili anayeuandika kwenye mkataba: mara nyingi tunaweka "muda muafaka" kwa sababu ni saa tisa usiku, pande mbili zimeshindwa kukubaliana juu ya siku 10 au 30, na kila mtu anataka kwenda kulala. Lile neno ni mkeka wa kufunikia shimo. Sasa programu yetu ikikutana nalo haikatai. Inamwonyesha mtumiaji kwa rangi ya chungwa na kumuuliza kama kweli ameamua kuliacha hivyo. Wengine wanabonyeza ndiyo. Ni haki yao, na zipo biashara ambazo zingevunjika kama kila shimo lingefukuliwa.

Lililotushinda kabisa ni "siku ya kazi". Tuliieleza kama mikataba yote inavyoieleza: siku yoyote isiyo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu ya kitaifa. Tukajaza Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, miaka mitano mbele. Tukafika Idi. Idi el Fitri hungoja mwezi uandame, na hakuna jedwali unaloweza kulijaza Januari likakubaliana na mbingu. Mkataba unaosema malipo ndani ya siku 5 za kazi unaweza kusogea siku nzima kwa sababu ya wingu moja.

Kwa hiyo pengo lile tumeliacha likisubiri mtu. Jioni ya Ramadhani ya 29, kijana wa Tanga huweka laptopu juu ya mkeka, tende pembeni, redio imefunguliwa, na yeye ndiye anayebonyeza tangazo likishatoka. Mwaka jana lilichelewa. Saa tatu za usiku nikampigia kuuliza kama mwezi umeandama.

"Bado, Wakili. Wanasubiri simu za Pemba."

Nikamwambia na mimi niko macho.