Shaaban Robert alibisha hodi mlango usio wa Khayyam

Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, akafasiri rubai za mshairi huyo Mwajemi kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald. Alikosea. Kiswahili chake humo ni cha fundi, na mtaa wenye jina lake pale Makumbusho ya Taifa anaustahili. Alichokosea ni chanzo, na hilo vina havikuweza kulifidia.

Mnaoujua utungo huo mnajua FitzGerald alifanya nini. Rubai ni ubeti wa mishororo minne unaojitegemea. Katika diwani za Kiajemi beti hupangwa kwa herufi ya mwisho ya kina, wala hazifuatani kwa kisa. Yeye, katika toleo la 1859, alizipanga beti 75 zianze alfajiri na kuishia usiku, kana kwamba Khayyam aliketi kutunga utenzi wa siku moja. Mwaka 1899 Edward Heron-Allen alizikagua beti 101 za toleo la baadaye, akaona 49 tu ndizo zinazofuata kila moja rubai yake. Nyingine 44 zimeungwa kutoka rubai zaidi ya moja, na chache zilizobaki zimo hata za kuazima kwa Hafiz na Attar.

Chukua ubeti ule maarufu wa mkate, divai na kitabu cha mashairi chini ya mti. Nao ni wa kuungwa. Katika rubai yake mojawapo, pamoja na mkate na divai, kuna paja la kondoo. Wawili wameketi kwenye magofu, na anayetajwa mwishoni ni sultani: raha ile hata yeye haifikii. FitzGerald aliliondoa paja, akayafanya magofu kuwa nyika, akamtoa sultani na kuingiza pepo. Fukara aliyekula akashiba, akajiona amempita mfalme, amegeuzwa mtu wa kuota pepo. Msomaji wa Kariakoo anayerudi nyumbani jioni kupitia moshi wa mishkaki angelielewa paja lile bila maelezo. Aliyepita kwa FitzGerald asingeweza kumletea, kwa kuwa njiani hakulikuta.

Vina FitzGerald alivitunza: wa kwanza, wa pili na wa nne hulingana, wa tatu huachwa huru. Shairi letu hufunga mitatu ya mwanzo na kuuachia wa nne. Tofauti ni mahali pa mshororo mmoja tu, na bingwa wetu alistahili kupambana nayo mbele ya Mwajemi mwenyewe.

Msaada haukuwa mbali. Katikati ya Dar es Salaam walikuwapo Mashia Ithnaasheri na marsiya zao za Kiurdu, lugha iliyopokea ghazali na rubai kutoka Kiajemi. Kaluta Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 na baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu, alikwenda kusoma Rabwah, Pakistani, kwenye Kiurdu hicho hicho. Na pwani nzima hii watu wamejinasibu na Shiraz, mji wa Saadi na Hafiz. Sisi tulio karibu hivyo tulikwenda Uingereza kuuliza habari za Nishapur, mji wa Khayyam!

Wazee hawakufanya hivyo. Sayyid Aidarus wa Pate alipoifasiri Hamziya ya Al-Busiri alikwenda kwenye Kiarabu chenyewe, Kiswahili kikakaa chini ya kila mshororo wa asili ili msomaji ahakikishe kwa macho yake. Nyerere naye, alipofasiri Julius Caesar mwaka 1963, alimfuata Shakespeare kwa lugha ya Shakespeare. Ndiyo maana nawakatalia wanaomwita Shaaban Shakespeare wa Afrika kisha wakaona kumkagua ni kumvunjia heshima. Na ugonjwa haujapona: Rumi anayezunguka kwenye simu zetu kila Ijumaa mara nyingi ni wa Coleman Barks, Mmarekani asiyesoma Kiajemi, tena huyo ndiye tunayemgeuza Kiswahili.

Anayetaka kumfasiri Khayyam leo aanze na rubai za Kiajemi zilizo nyuma ya zile 49. Akae na mjuzi wa Kiajemi, aachane na mpango wa alfajiri hadi usiku, na kila rubai aipe ukurasa wake, Kiajemi juu na Kiswahili chini, kama ilivyo Hamziya.